Mtaji mdogo kwenye mashindano ya poka mtandaoni: viingilio mia, asilimia, au bajeti ya mwezi?

Una dola 50 au 100 kwenye akaunti ya poka. Unapenda mashindano kuliko meza za pesa taslimu, na kila unayemuuliza namna ya kuitunza pesa hiyo anakupa kanuni yake. Mmoja anasema usikae mezani bila pesa ya kulipia viingilio 100. Mwingine anasema usihatarishe zaidi ya asilimia 2 ya ulichonacho. Wa tatu hana kanuni yoyote ila kiasi anachotenga kila mwezi. Kikiisha anazima kompyuta mpaka mwezi ujao. Nimezifuata njia zote tatu kwa nyakati tofauti, na naona kila moja inajibu swali lake. Mgogoro unaanza pale mtu anapochukua jibu la swali la mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, jiulize hili kwanza: pesa hii ikiisha yote, utaweza kuweka nyingine bila kugusa kodi ya nyumba, ada ya shule au deni la mtu? Jibu lako, ndiyo au hapana, lina uzito kuliko ujuzi wako wa karata katika kuchagua njia.

Ukame wa mashindano ulivyo

Watu wengi hupoteza mtaji kwa kutojua ukubwa wa ukame ulio wa kawaida, yaani kucheza mfululizo bila kulipwa, basi tuanzie hapo.

Katika mashindano makubwa ya mtandaoni, wanaolipwa kwa kawaida ni kama 15 kati ya kila washiriki 100. Wengi wa hao hupata kiasi kisichozidi sana mara mbili ya kiingilio. Pesa yenyewe iko meza ya mwisho. Sasa piga hesabu: anayelipwa mara 15 katika 100 ana uwezekano wa karibu asilimia 20 wa kucheza mashindano 10 mfululizo bila kupata hata senti. Kukosa mara 20 mfululizo kuna uwezekano wa karibu asilimia 4. Asilimia 4 inaonekana ndogo, lakini ukicheza mamia ya mashindano ukame huo utakukuta, na utakukuta hata kama unacheza vizuri.

Ushindi ni adimu zaidi. Katika uwanja wa watu 1,000, yaani shindano lenye washiriki idadi hiyo, mchezaji wa kawaida hushinda mara 1 katika 1,000. Mchukue mchezaji hodari mwenye nafasi maradufu, yaani mara 1 katika 500. Hata yeye akicheza mashindano 500, uwezekano wa kutoshinda hata moja ni takriban asilimia 37. Zaidi ya theluthi ya wachezaji wa kiwango chake watamaliza mashindano hayo 500 bila kuonja nafasi ya kwanza.

Linganisha na mashindano ya meza moja ya watu 9, yale yanayoanza viti vinapojaa. Mgawanyo wake uliozoeleka ni asilimia 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili na 20 kwa wa tatu, kwa hiyo theluthi ya meza inalipwa. Kwa mchezaji wa kawaida, uwezekano wa kukosa mara 10 mfululizo hapo uko chini ya asilimia 2. Ndiyo maana mtu akikuambia viingilio 50 vinatosha, muulize kwanza anacheza na watu wangapi.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote kwa mambo manne: uhai, yaani mtaji unadumu kiasi gani ukame ukija, kupanda, yaani inachukua muda gani kufika ngazi ya juu, nidhamu inayohitajika kuifuata, na mtu inayemfaa. Mifano yote itatumia mtaji wa dola 110, kwa sababu unagawanyika vizuri kwa kiingilio cha dola 1.10. Katika kiingilio hicho, dola 1 huenda kwenye zawadi na senti 10 ni ada ya tovuti. Hesabu daima kwa 1.10. Ukihesabu kwa dola 1 utajiona una viingilio 110 wakati unavyo 100.

Njia ya kwanza: ngazi za viingilio

Unagawanya mtaji kwa kiingilio, na jibu linakuambia unacheza wapi. Kwa viwanja vikubwa namba inayotajwa sana ni 100. Kwa mashindano ya meza moja wengi hutosheka na 40 au 50. Unapanda mtaji ukifika viingilio 100 vya ngazi inayofuata, na unashuka ukifika mpaka uliojiwekea, tuseme viingilio 60. Mfano: umepanda hadi kiingilio cha dola 2.20 ukiwa na dola 220, mambo yakaharibika, mtaji ukashuka hadi dola 132. Unarudi kwenye 1.10, na huko dola zako 132 ni viingilio 120. Umepoteza pesa, ila bado umesimama imara.

*Uhai.* Ni mzuri sana. Ukame wa mashindano 20 kwa mtaji wa dola 110 unakula dola 22, na unabaki na 88. Ngazi haibadiliki, na usingizi haupotei.

*Kupanda.* Hapa ndipo uvumilivu unapimwa. Tuseme wewe ni mzuri, na faida yako kwa muda mrefu ni asilimia 20 ya kila kiingilio. Hiyo ni senti 22 kwa shindano moja. Ili dola 110 ziwe 220 unahitaji mashindano 500. Ukicheza 15 kwa wiki, ni wiki 33, karibu miezi minane. Na haiji senti 22 kwa senti 22: unashuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, kisha siku moja unafika meza ya mwisho na sehemu kubwa ya faida inaingia usiku huo. Anayeacha wiki ya sita kwa kuona hasongi anaacha kabla ya siku hiyo.

*Nidhamu.* Kanuni yenyewe ni nyepesi: namba ya kupandia na namba ya kushukia. Ugumu uko kwenye kushuka. Mtu aliyezoea ngazi ya dola 2.20 anaiona 1.10 kama fedheha, na anajipa wiki moja zaidi, kisha nyingine. Mimi huandika namba zote mbili kwenye daftari siku ninayopanda, kabla ya shindano la kwanza, kwa sababu siku ya kushuka akili yangu ina sababu nyingi nzuri za kutoshuka.

*Inamfaa* mtu ambaye pesa yake haitajazwa tena na anayecheza aina moja ya mashindano mara kwa mara. Asiyependa ngazi moja kwa miezi ataichoka.

Njia ya pili: asilimia ya mtaji

Kwa haraka utaona ni kitu kilekile. Asilimia 1 ya dola 110 ni 1.10, sawa kabisa na viingilio 100. Tofauti iko kwenye saa ya kupima. Mwenye ngazi husubiri afike mpaka. Mwenye asilimia hupima upya kila anapokaa kucheza. Mtaji ukipungua leo, kikomo chake kinapungua leo.

Mfano maarufu ni wa Chris Ferguson, bingwa wa shindano kuu la World Series of Poker mwaka 2000. Kuanzia mwaka 2006, kwenye tovuti ya Full Tilt Poker, alijipa kazi ya kuanza na sifuri kupitia mashindano ya bure hadi afikishe dola 10,000, na alifika baada ya zaidi ya mwaka. Alijiwekea asilimia 5 kuwa kikomo kwa meza za pesa taslimu na mashindano ya meza moja, na asilimia 2 kwa mashindano ya meza nyingi. Wengi hukumbuka namba hizo na kusahau ruhusa aliyojipa chini yake: shindano la meza nyingi la dola 1 aliweza kuingia hata kama linavuka asilimia 2. Bila ruhusa hiyo asingeweza kuondoka chini, kwani asilimia 2 ya dola 10 ni senti 20.

Ruhusa hiyo inafichua udhaifu wa njia hii kwa mtaji mdogo hasa. Hesabu yake inadhani unaweza kuweka kiasi chochote, lakini viingilio vina bei zilizopangwa. Hakuna shindano la dola 1.47. Ukifika chini kabisa, asilimia yako inaangukia chini ya bei ya shindano la bei nafuu kuliko yote, na kanuni inanyamaza. Basi weka sakafu mapema: ngazi gani utaendelea kuicheza hata ikivuka kikomo, na kwa viingilio vingapi.

*Uhai.* Inategemea asilimia uliyochagua kuliko watu wanavyofikiri. Tuseme bei zingekuwa zinakatika popote, na ukame ni wa mashindano 20. Mwenye asilimia 2 anabaki na karibu 67 ya kila 100. Mwenye asilimia 5 anabaki na 36. Mwenye asilimia 10 anabaki na 12, na ili arudi alipokuwa lazima mtaji wake ukue zaidi ya mara nane. Ukame ni uleule na karata ni zilezile.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye hesabu hiyo. Asilimia 2 mara meza 8 kwa wakati mmoja ni asilimia 16 ya mtaji kwa usiku mmoja. Ukichagua njia hii weka vikomo viwili, kimoja cha shindano na kingine cha siku. Mimi naona asilimia 10 kwa siku ni nyingi vya kutosha.

*Kupanda.* Ni haraka zaidi, kwa sababu usiku mmoja mzuri unainua kikomo papo hapo. Pia inakuruhusu kuchanganya: mashindano kadhaa ya senti 55, moja la 2.20 siku ya mwisho wa wiki, alimradi hakuna linalovuka kikomo. Kwa asiyependa kula chakula kimoja kila siku, uhuru huu ni mkubwa.

*Nidhamu.* Inadai hesabu kila mara. Pia inadai ujiamini kwa kiasi. Msingi wa kuweka sehemu ya mtaji kulingana na faida yako ulielezwa kihesabu na John Kelly wa maabara ya utafiti ya Bell Labs mwaka 1956, na hesabu yake inataka ujue faida yako ni kiasi gani. Mchezaji wa mashindano hajui yake. Rudi kwenye yule hodari wa mashindano 500 bila ushindi: daftari lake linaweza kumwonyesha kuwa ni mpotezaji, na la mwenzake dhaifu likaonyesha faida kubwa kwa sababu ya usiku mmoja. Kwa hiyo chagua asilimia ndogo kuliko unayodhani unastahili.

*Inamfaa* anayecheza aina mbalimbali za mashindano na anayependa kuweka kumbukumbu. Anayecheza akiwa amechoka baada ya kazi atasahau kupima upya, na asilimia isiyopimwa upya haina kazi.

Njia ya tatu: bajeti ya mwezi

Hapa mtaji unaoonekana kwenye akaunti si kinga yako. Kinga ni kipato chako cha nje ya poka. Unatenga kiasi, tuseme dola 20 kwa mwezi, kama mtu anavyotenga pesa ya burudani nyingine, na unakubali tangu siku ya kwanza kwamba imekwenda.

*Uhai.* Kwa maana ya kawaida hauna. Lakini uamuzi wa namna ya kuigawa unabadilisha mwezi mzima. Dola 20 ni viingilio 18 vya 1.10, na kwa kiwango cha kulipwa cha asilimia 15 kuna uwezekano wa karibu asilimia 5 tu wa kumaliza mwezi bila kulipwa hata mara moja. Dola hizohizo ni viingilio 3 vya 5.50, na hapo uwezekano wa mwezi mkavu ni karibu asilimia 61. Mgawanyo wowote unaruhusiwa, mradi uujue kabla ya tarehe 1.

*Kupanda.* Ukitaka. Utakachoshinda unaweza kukitoa chote, au nusu ukakitoa na nusu ukaanzisha mtaji wa kweli utakaouendesha kwa njia ya kwanza. Wengi wamehama hivyo bila haraka.

*Nidhamu.* Kanuni ni moja, na ni ngumu kuliko zote: hakuna kuongeza katikati ya mwezi. Anayeazima bajeti ya mwezi ujao tarehe 20 ameshatoka kwenye njia hii hata kama kiasi ni kidogo. Tovuti nyingi zina kikomo cha kuweka pesa ambacho unajiwekea mwenyewe kwenye akaunti. Kiweke sawa na bajeti yako, ili siku ya hasira mfumo ukukatalie kabla hujajiuliza.

*Inamfaa* mwenye kipato cha uhakika na saa chache kwa wiki. Haimfai anayetaka kujua kama anapata faida, kwa sababu mashindano 18 kwa mwezi hayatamwambia lolote kwa muda mrefu.

Yanayobadilisha hesabu za njia zote

Mashindano yanayoruhusu kununua tena au kuingia upya yana bei mbili: iliyoandikwa, na utakayolipa. Kama kwa kawaida unaingia mara mbili, kiingilio chako cha dola 1.10 ni dola 2.20 kwenye hesabu yoyote kati ya hizi.

Mashindano ya zawadi za vichwa kwa kawaida hutenga nusu ya mfuko wa zawadi kwa wanaotoa wenzao. Malipo madogo huja mara kwa mara zaidi, ila anayepenya kwenye malipo bila kumtoa mtu hupata kidogo kuliko alivyozoea. Mashindano ya kasi, ambayo dau la lazima hupanda kila baada ya dakika chache, yanampunguzia mchezaji mzuri nafasi ya kutumia ujuzi wake. Ongeza viingilio, au punguza asilimia.

Satelaiti, yaani mashindano ya bei ndogo ambayo zawadi yake ni tiketi ya shindano kubwa zaidi, ndizo zinazovuta mioyo. Mwaka 2003 Chris Moneymaker aliingia shindano kuu la World Series of Poker, lenye kiingilio cha dola 10,000, kupitia satelaiti ya mtandaoni iliyomgharimu dola 86, na akashinda dola milioni 2.5. Ni kweli, ila ni nadra sana. Kwa mtaji mdogo, hesabu gharama ya satelaiti kama kiingilio cha kawaida chini ya njia uliyochagua, na soma masharti kama tiketi inaweza kubadilishwa. Tiketi ya dola 22 isiyobadilika kuwa pesa haikuongezei mtaji dola 22.

Jambo la mwisho hapa ni mahali pesa inapokaa. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifunga anwani za tovuti kubwa za poka nchini humo, na ikaja kudhihirika kwamba Full Tilt haikuwa na pesa za kutosha kuwalipa wachezaji wake. Wengi nje ya Marekani walisubiri hadi Novemba 2012 kuzipata, na Wamarekani walianza kulipwa mwaka 2014. Acha kwenye akaunti kiasi unachohitaji kwa ngazi unayocheza. Kinachozidi kitoe, ukihesabu bado kama sehemu ya mtaji wako.

Ukiwa katika hali hii

Una dola 110 ambazo hazitajazwa tena, na unataka kujifunza kwa mwaka mzima: ngazi za viingilio, 100 au zaidi, ukichanganya na mashindano ya meza moja ili malipo yasikae mbali mno.

Una dola 10 tu: usihangaike na asilimia. Anza na mashindano ya bure na yale ya senti chache, ukijiwekea sakafu kama ya Ferguson. Ukifika dola 50 au 60, ngazi za viingilio kwenye senti 55 zitaanza kuwa na maana.

Una mtaji wa dola 300, daftari safi la mashindano mia kadhaa, na unapenda kubadilisha aina: asilimia, 1 kwa viwanja vikubwa, 2 kwa viwanja vya watu wachache, na kikomo cha siku.

Unafanya kazi siku nzima na unacheza Jumamosi tu: bajeti ya mwezi, na kikomo kwenye akaunti.

Unatamani kuonja ngazi ya juu: njia yoyote inaruhusu, ukitenga viingilio 3 hadi 5 vya ngazi hiyo kutoka kwenye faida. Vikiisha, unarudi siku hiyohiyo.

Pesa ni ya kukopa, au unacheza kurudisha iliyopotea jana: hakuna kati ya njia hizi tatu iliyotengenezwa kwa ajili yako leo. Tumia kitufe cha kujifungia akaunti, ambacho tovuti zenye leseni kwa kawaida huwa nacho, na umweleze mtu unayemwamini kinachoendelea.

Umepoteza nusu ya mtaji na hujui kama ni ukame au ni uchezaji: shuka ngazi moja kwanza, leo. Kisha hesabu umecheza mashindano mangapi. Yakiwa chini ya 200, matokeo hayana jibu bado. Pitia karata ulizotolewa nazo moja moja, na uzihukumu kwa uamuzi uliofanya kabla karata ya mwisho haijafunuliwa.